Mlingoti wa Baba Tumaini

Mwaka ule Baba Tumaini aligombana na makuli. Haukuwa ugomvi wa ngumi. Ulikuwa ule wa mtu mzima kukaa barazani akihesabu kwa sauti, mkewe akisikia, fedha alizowalipa vijana wanane kupakia mahindi kwenye lori. Akafika kwenye jumla, akanyamaza, akaanza upya kama vile jumla ingeona haya ikapungua. Sisi tuko Ismani, barabara ya Iringa kwenda Dodoma, na gunia la mahindi kwetu ni kilo 100 likiwa la mtu mwaminifu. Likiwa lumbesa, Mungu ndiye anayejua. Anayelipandisha begani mpaka juu ya lori ana haki ya kuomba chai, soda na chochote kingine. Hayo niliyawaza tu. Nilikuwa napepeta maharage na sikutaka kuingizwa kwenye hesabu.

Wiki haikuisha, simu yake ikaingia picha.

"Mama Tumaini, njoo uone."

Ulikuwa mlingoti wa chuma, rangi ya njano imebanduka, mnyororo katikati na meno mawili marefu chini. Akanieleza kwamba unafungwa nyuma ya trekta, kwenye mikono ileile inayobeba jembe, unapelekewa mafuta ya haidroliki, meno yanapanda na mzigo. Ni mtumba wa Uingereza, umekaa kwenye yadi moja Dar es Salaam unamsubiri yeye. Dalali alikuwa ametuma na ujumbe wa sauti wa sekunde kumi, na ndani yake alimwita mume wangu bosi mara tatu. Hapo nikajua tumeshanunua.

"Umekwenda kuuona?"

"Nimeona video."

Nikaiangalia video. Meno yalipanda, meno yakashuka. "Mbona hayajabeba kitu?"

"Vitu vya kubeba viko huku," akasema, na kusema kweli sikuwa na jibu.

Milioni mbili na laki nane, nauli ya Fuso mbali. Mlingoti ukapanda Kitonga usiku, ukatufikia saa nne asubuhi. Dereva akafungua bodi, akajinyoosha, akauliza swali ambalo nyumba nzima haikuwa imeliuliza: "Mnashushia nini?"

Pakawa kimya. Kitu pekee pale nyumbani cha kushushia mzigo wa kilo mia tatu na kitu ndicho kilichokuwa juu ya gari. Baba Tumaini alizunguka Fuso mara mbili, akatazama trekta, akatazama mbingu. Kisha akatoa simu, akajitenga mpaka chini ya mwarobaini ili mimi nisisikie, akawapigia makuli.

Walikuja wanane, wameoga, hawana haraka. Mkubwa wao akauzunguka mlingoti, akaugonga kwa kidole kama anayepima tikiti.

"Mzee, hii ndiyo mashine ya kutuondoa kazini?"

"Si kuwaondoa, kijana wangu. Itawasaidia."

"Haya. Leo tuanze kuisaidia sisi."

Wakatoza bei ya kupakia magunia arobaini. Niliwapikia chai na mihogo, nikawaongezea sukari kwa mkono wangu.

Kesho yake fundi akaja kutoka mjini na bodaboda. Hakufika hata kwenye haidroliki. Matrekta yana saizi kama viatu: saizi ya kwanza, kama Massey Ferguson 135 yetu, mikono ya chini inapokea pini za milimita 22, saizi ya pili ni za milimita 28, na zimeachana zaidi. Mlingoti ulikuwa wa saizi ya pili. Ikabidi mchomeleaji azikate na kuchomelea nyingine, laki moja na nusu. Wakati huo fundi akapima unene wa meno pale kwenye kiwiko, ambako huisha kwa kuburuzwa sakafuni. Akatikisa kichwa. Jino likipungua sehemu moja ya kumi ya unene, akasema, limepoteza kama sehemu moja ya tano ya nguvu zake. Letu lilikuwa limevuka hapo.

"Mzee, hiyo tani moja iliyoandikwa hapa ilikuwa ya ujana wake."

Siku ya majaribio watoto wa jirani walikaa ukutani tangu asubuhi. Baba Tumaini akapanda, akawasha, akavuta lever. Kimya. Akavuta tena. Wakafungua mipira, wakaifunga, wakamlaani dalali, wakampigia, hakupokea. Ilipofika saa nane alipita mzee mmoja aliyewahi kuendesha Massey za zamani. Akatazama kidogo, akauliza, "Mmeingiza pitio?"

Hatukuwa tumeingiza. Kwenye trekta hizi pampu ya haidroliki imefichwa tumboni mwa ekseli ya nyuma na inazungushwa na shafti ya pitio (PTO), ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye vifaa vya nyuma. Bila kuiingiza, hata ukivuta lever mpaka magharibi mafuta hayasukumwi. Kijiti kikasogezwa, meno yakapanda, watoto wakapiga kelele. Kwa hilo moja nilimsamehe dalali.

Ikawa zamu ya paleti. Meno hayawezi kubeba magunia yaliyolala chini. Lazima yawe juu ya paleti, na hilo nalo video haikusema. Mjini Iringa paleti hazingoji wakulima, mafundi seremala huzigombania kutengenezea vitanda na makochi. Tulipata sita, mojawapo mguu umevunjika. Tukapanga mifuko ishirini ya mbolea ya kilo 50, tani kamili. Baba Tumaini akavuta lever kwa madaha, na kilichopanda ni magurudumu ya mbele. Trekta lilisimama taratibu kama mgeni anayenyanyuka kusalimia, mume wangu akiwa juu yake, usukani mkononi, hauna cha kukata.

Fundi aliyekuwa ameshika madigadi akaanza kutusimulia, kwa utulivu ambao sikuupenda, habari za Harry Ferguson, Mwirishi aliyebuni mikono hii mitatu. Zamani jembe likigonga jiwe, trekta liliweza kuinuka na kumfunika dereva. Yeye akapanga mikono hiyo ili nguvu ya jembe ikandamize trekta chini badala ya kulipindua. Ni mtu wa kushukuriwa sana. Lakini alikuwa anafikiria jembe. Tani moja kuning'inizwa karibu mita nzima nyuma ya ekseli ni wazo la Baba Tumaini.

Wakamwaga zege kwenye nusu pipa, wakalifunga mbele. Mifuko ikapunguzwa mpaka minane. Sasa ikabebeka, ila kila kitu kinafanywa kinyumenyume, shingo imegeuzwa kama bundi, na ukikanyaga kilachi mpaka mwisho pampu nayo inasimama, mzigo unagoma katikati ya safari. Ukiachia kwa pupa, trekta linaruka. Hivyo ndivyo lilivyoruka kuelekea jikoni kwangu. Mume wangu alikuwa anaangalia meno. Ncha ya mlingoti ikaingia chini ya upenu, ikanyanyua bati mbili na mbao yake. Sufuria ya maharage ikabaki imeduwaa inatazama jua.

"Nilikuwa naangalia chini," akasema.

Sikujibu. Nilikwenda kuokota misumari, maana nayo ni hela.

Mlingoti bado tunao. Unavuja kidogo, na kwa kuwa mafuta ya haidroliki ya Massey hii ndiyo mafuta ya gia, kila unapovuja giaboksi inakonda. Fundi ametukataza kutafuta tundu kwa kidole, kwa sababu mafuta yenye presha hutoboa ngozi. Tunapitisha kipande cha boksi.

Msimu uliofuata tulipakia nao. Gunia nne kwa mkupuo mpaka usawa wa bodi la lori, vijana wanapokea juu na kupanga. Baba Tumaini alitegemea bei ishuke. Mkubwa wao akakubali kwamba kuinama kumepungua, ila imezuka kazi mpya, na kazi hiyo inahitaji mtu wake. Kwa hiyo sasa wanakuja tisa. Wa tisa hagusi gunia. Anasimama pembeni ya jiko langu tangu asubuhi, kikombe cha chai mkononi, akipiga kelele, "Juu, mzee! Angalia juu!"