Picha Safi: Mhadhara wa Bingwa wa Lenzi kwa Watu wa Malindi, Kilifi na Vitongoji Vyake

Mabibi na mabwana, wazee wa baraza, vijana wa ufukoni, na wewe mama wa mahamri uliyelazimika kunisikiliza kwa kuwa kiti changu kimewekwa mbele ya meza yako: kaeni. Aliyekosa kiti asimame kwa adabu, wala asiegemee mkungu huu, maana nao uko darasani.

Nimealikwa kuwafundisha elimu ya picha. Ni kweli kwamba nimejialika mwenyewe, lakini mwaliko ni mwaliko. Wengi wenu mwaniita Profesa. Cheo hicho sikupewa na chuo kikuu chochote, kwani vyuo vikuu vina foleni. Nilijitunuku nyumbani, katika kikao kilichohudhuriwa na mimi, na hapakuwa na pingamizi.

Nianze na jua, kwa sababu wengi mwalitumia vibaya. Mwenyezi Mungu aliiweka pwani yetu ikielekea mashariki. Jua la Malindi hutoka baharini asubuhi na huzama bara, juu ya minazi na mapaa ya mabati ya watu. Sasa niambieni, mgeni aliyepanda ndege kutoka Milano atafanya nini na machweo ya mabati? Yeye ataka jua jekundu litumbukie majini na jahazi lipite mbele yake. Wapiga picha wasio na elimu humchukua mgeni huyo hadi Mida, au hadi mkono wa bahari wa Kilifi, mahali maji yalipoingia nchi kavu na jua laweza kushuka juu ya mikoko. Petroli yote hiyo! Mimi huamka saa kumi na moja na nusu, nalipiga jua linapotoka, kisha naiandika picha "Machweo". Mgeni saa hizo amelala, kwa hiyo hana ushahidi wowote dhidi yangu. Mvuvi mmoja aliitazama akasema ngalawa zile zinatoka kwenda kuvua, hazirudi, maana hazina samaki. Nilimwuliza ana shahada gani. Akanyamaza.

Hapo mmeshaonja Kanuni Kuu, ambayo nitaitaja mara moja tu ili muiandike: picha safi haina habari. Kinachomwambia mtazamaji ni wapi, ni lini au ni nani, hicho ni taka, na taka huondolewa.

Chukueni Sabaki. Mvua zikinyesha bara, maji ya Athi huteremka yakawa Galana, Galana ikawa Sabaki, na Sabaki ikamwagika hapa kaskazini mwa mji ikiwa na rangi ya chai ya maziwa. Bahari nzima mbele yetu hugeuka kahawia. Ni udongo wa mashamba ya watu huo, umetembea kutoka Ukambani na viunga vya Nairobi hadi hapa, na ndio uliojaza mchanga mbele ya Malindi, hata majengo yaliyokuwa jirani na maji sasa yanayatazama kwa mbali. Wataalamu wa mazingira walia kwamba tope hilo hufika hadi kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari, iliyotengwa tangu mwaka 1968. Yote hayo ni kweli, na yote hayauziki. Katika simu yangu kuna kitufe. Nikikigusa, bahari yawa buluu. Mwanafunzi mmoja wa sayansi ya bahari alinijia kuomba picha za miaka ya nyuma, eti alinganishe tope la mwaka huu na la zamani. Nilimpa zote kwa ukarimu. Zote buluu. Alizitazama muda mrefu, akanishukuru kwa sauti ya chini, akaenda zake bila kumaliza soda.

Gede nako nimefanya kazi ya kutukuka. Mji ule ulihamwa karne ya 17, msitu ukauficha, mwaka 1927 serikali ikautangaza kuwa mahali pa kihistoria, na kuanzia 1948 James Kirkman akaufukua kwa subira kubwa, ukuta kwa ukuta, kigae kwa kigae. Mwaka 2024 UNESCO nayo ikaukubali katika orodha ya urithi wa dunia, na tangu siku hiyo kima wa pale wamezidi kiburi. Wenyeji wanalijua lile kaburi lenye tarehe: limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Watafiti hulishukuru sana, kwani mawe mengine yote ya Gede yamenyamaza, na hilo peke yake limesema umri wake. Nililipiga mimi. Ukuta wa matumbawe umetoka vizuri, mizizi imetoka vizuri, kivuli ni cha ajabu. Maandishi nimeyakata. Yalikuwa yakivuta macho.

Msituni Arabuko-Sokoke sitakaa. Mwanafunzi wa hapo mbele ananiuliza juu ya sange wa kiuno cha dhahabu. Mwanangu, mnyama asiyetulia kwa mpiga picha hana haja ya kupigwa picha. Na yule bundi mdogo wa Sokoke, ambaye kimo chake hakizidi urefu wa kalamu na rangi yake ni ya majani makavu, nilimsaka na mwongozaji hadi miiba ikanichoka. Mwishowe nikapiga majani makavu nikaandika "Bundi". Nimepongezwa na watu wanne wenye digrii.

Kuna mtu kule nyuma anasema sanaa hii ililetwa na wageni. Keti chini, bwana. Malindi ilikuwa inajua kujionyesha kabla ya kamera kubuniwa. Mwaka 1415 mji huu ulimpeleka twiga hadi kwa mfalme wa China, na wakubwa wa kule wakamwona kuwa ni mnyama wa heri wa hadithi zao. Twiga! Mnyama anayetafuna miiba Tsavo kila siku bila kuamkiwa na mtu. Huo ndio mpangilio. Vasco da Gama alipofika hapa Aprili 1498, akapokewa vizuri na kupewa rubani wa kumvusha hadi India, msalaba wake wa jiwe uliwekwa, na mpaka leo kila mgeni hupigwa picha chini ya nguzo ile. Rubani hana nguzo. Baadhi yenu mwaliona hilo kama dhuluma. Mimi naliona kama picha isiyo na msongamano.

Hata anga lilipigwa picha kutoka huku. Ngomeni, katika jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini, tarehe 12 Desemba 1970 kilirushwa chombo kilichoitwa Uhuru, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, na kilikuwa cha kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuchunguza nyota zitoazo eksirei. Kimeleta takwimu tupu. Hakuna hata picha moja ya machweo.

Sasa matukio ya sasa, maana msije mkasema Profesa aogopa siasa. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo waliandamana kukataa mpango wa kujengewa kinu cha nyuklia ufukweni kwao. Wavuvi walikuwamo, akina mama walikuwamo, na mabango yaliandikwa kwa mkono. Niliona picha za siku hizo nikaumia moyo. Sikuumia kwa ajili ya kinu. Mabango! Kila herufi inasomeka! Mtazamaji anaitazama picha na papo hapo anajua watu wale ni akina nani, wanakaa wapi na wanakataa nini. Hapo uzuri utaingilia mlango upi? Ningekuwapo ningewaomba wageuze mabango yaangalie bahari, kanga zijae upepo, na polisi wasogee kushoto kidogo, mwanga wa kule ni laini. Picha ingetundikwa katika mapokezi ya hoteli yoyote ile bila kumkera mgeni.

Lakini picha mbaya kuliko zote katika nchi hii ya Wagiriama ilipigwa mwaka 1985, na nitawasimulia ili iwe onyo. Mwanaanthropolojia mmoja, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee akiwa na vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake marehemu. Kigango mwakijua: mti mgumu uliochongwa nakshi, husimikwa kwa ajili ya mzee wa chama cha Gohu, na kikishasimama hakihamishwi, hata ukoo ukihama. Mama huyo alifanya nini na nafasi hiyo adhimu? Alipiga. Basi! Mzee yupo, vigango vipo, nakshi zaonekana.

Aliporudi na nakala kumpa mzee, akakuta kilio: vigango vimeibwa. Miaka ikapita. Mwaka 1999, katika mkutano wa wasomi wa mambo ya Afrika huko Marekani, msomi mwenziwe Linda Giles alikuwa akionyesha slaidi za vitu vilivyohifadhiwa katika makumbusho ya chuo kikuu kimoja Illinois, na Udvardy akakiona kigango anachokijua. Cha pili kikaonekana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Ile picha yake ikawekwa mezani, nakshi kwa nakshi, na wenye makumbusho hawakuwa na la kusema. Kimoja kikarudishwa 2006, cha pili 2007. Mzee mwenyewe alikuwa ameshafariki. Makumbusho mengine nayo yakaanza kutazama rafu zao kwa wasiwasi. Denver peke yake walikuwa na 30 vya kurudisha.

Watu hupiga makofi wakisikia kisa hiki. Mimi husikitika. Hebu fikirini kazi hiyo ingekuwa mikononi mwangu! Ningemtoa mzee kando, kwani uso wenye huzuni huharibu rangi. Ningesubiri jua lishuke nyuma ya vigango, vibaki vivuli viwili vyeusi visivyo na nakshi wala mwenyewe. Ukungu kidogo chini. Tuzo ningepata, hilo halina mjadala. Na vigango vyenyewe vingekuwa bado Illinois na Virginia, ndani ya vyumba vyenye baridi nzuri na taa za kitaalamu, ambako mtu angeweza kuvipiga picha bila kuingiwa na mchanga viatuni.

Kuna mnong'ono upande wa wazee. Maswali baadaye.

Muda umetutupa mkono, basi tupige picha ya pamoja kwa kumbukumbu. Mzee, toka katikati. Gazeti hilo likunjwe, lina tarehe. Kijana wa fulana ya Uyombo, ivae ndani nje. Mama, karai la mafuta litatoa moshi mzuri, liache. Wewe ndiye uondoke. Vizuri. Sasa nipisheni nichukue kamera yangu hapa mezani.

Kamera yangu.

Ilikuwa hapa, karibu na mahamri. Nani alipita hapa? Ninyi mlikuwa wengi kiasi hiki, asimwone hata mmoja? Bwana mdogo, wewe uliyekuwa ukipiga picha muda wote nikifundisha, lete simu yako upesi. Naam, meza hii hapa. Mkono huu hapa, unaishika kamera yangu. Nionyeshe uso wa mwenye mkono.

Umeukata?