Foleni ya Kogatende

(Ukingo wa Mto Mara, upande wa Serengeti. Agosti, saa tatu asubuhi.)

NYUMBU: Shikamoo, mzee Tumbusi.

TUMBUSI: Marahaba. Mbona hamvuki?

NYUMBU: Tupite wapi? Magari 40 yamejipanga pale kama stendi ya daladala.

PUNDAMILIA: Na wageni wamevaa kaki tusiwaone! Kofia kaki, soksi kaki, hadi mfuko wa karanga kaki. Yule mama kajifunika chandarua usoni. Inzi wameshamwona, sisi ndio tusimwone?

NYUMBU: Dada, achana na chandarua.

PUNDAMILIA: Na glavu! Jua lote hili!

NYUMBU: Sisi tunafuata mvua tu. Februari tunazalia Ndutu, kule kusini, kwenye nyasi fupi zilizoota juu ya majivu ya volkano, zenye madini ya kumpa mama maziwa. Mvua ikikata maji yanakauka, tunashika njia ya magharibi hadi huku kaskazini.

PUNDAMILIA: Mimi natangulia kufyeka majani marefu, wewe unakuta mafupi, swala tomi anamalizia. Kila mtu na sahani yake. Na wewe mzee?

TUMBUSI: Mimi naishi kwa macho. Jua likipanda, hewa ya moto inaninyanyua. Nikiona mwenzangu kashuka kule mbali, nami nashuka. Wa tatu akiniona, naye huyo.

PUNDAMILIA: Kama madereva! Mmoja akinong'ona redioni kwamba nyumbu wako kivuko namba nne, vumbi nchi nzima.

NYUMBU: Halafu huko mjini mtu akifuata mkumbo anaitwa nyumbu!

TUMBUSI: Msinifananishe nao. Mimi nikishuka nasafisha. Kati ya 2001 na 2015 mlizama humu zaidi ya 6,000 kwa mwaka, kwa wastani. Nani aliyesaidia kuwaondoa, wakala wa safari? Hawa wageni wanashuka garini, na sheria ya hifadhi inakataza, wanasimama palepale unapotaka kukanyaga. Wa mbele akishtuka, kundi zima linageuka, au linajitupa penye genge.

NYUMBU: Dereva naye anatafuta bakshishi, mzee.

TUMBUSI: Simlaumu kwa njaa. Namlaumu kwa kukaa juu ya sahani ya mwenzake. Mtu kasoma chuo, mgeni akisema "sogea kidogo" anasogea hadi majini! Kisa mgeni ana ndege kesho. Nyumbu ana miguu, ana ndama, ana nyasi ng'ambo. Huyu ana simu. Na askari wa hifadhi akitokea, wote wanarudi garini mbio kama watoto waliokutwa jikoni. Aibu!

(Gari la 41 linafika. Nyumbu wa mbele anageuza shingo.)

TUMBUSI: Wewe dereva, nakusihi: rudi nyuma, zima injini, waache nyumbu waone mto. Nimetoka mbali na sijanywa chai.

NYUMBU: Chai gani, mzee?

(Tumbusi anatazama maji.)