Barua ya Wazi kwa Serikali ya Ujerumani: Tunaomba Mtuhesabie

Waheshimiwa,

Salamu kutoka chini ya Mlima Meru. Twashukuru kwa Boma la Arusha, ngome yenu iliyojengwa kufikia mwaka 1900 na Waarusha na Wameru ambao hakuna aliyewauliza kama wana nafasi. Siku hizi ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, na humo mgeni hujifunza habari za zamadamu Zinjanthropus, aliyeishi miaka milioni 1.75 iliyopita. Huyo ana jina na ana umri. Wameru na Waarusha waliouawa baada ya Oktoba 1896 hawana hata kimoja. Yaelekea kosa lao ni kufa juzi.

Kisa mnakijua. Wamisionari Ovir na Segebrock waliuawa Akeri mwezi huo, wakiwa hawana hatia, na majina yao yamehifadhiwa vizuri, kama inavyostahili. Kisha ofisa wenu, Kapteni Johannes, akaja kuwaadhibu Wameru na Waarusha, akiwa na askari wake na wapiganaji wa Kichaga wa mangi washirika wenu. Nyumba zilichomwa, migomba ikafyekwa, ng'ombe wakaswagwa, wanawake wakachukuliwa mateka. Sijui mgomba ulimkosea nini mmisionari.

Mtasema waliofanya hayo wengi walikuwa Wachaga. Hatuwatakasi, mateka ni mateka. Lakini mtu akichapwa, haishtakiwi fimbo ikaachwa mikono. Amri ilikuwa yenu, na ushirika huo haukuwafaa Wachaga wenyewe: tarehe 2 Machi 1900 mliwanyonga viongozi 19 huko Old Moshi, Mangi Meli akiwamo, Wachaga, Wameru na Waarusha kwenye hukumu moja. Usawa wa namna hiyo ulikuwa adimu wakati wa ukoloni.

Mtasema pia ni zamani mno. Mbona mwaka 2023 Rais Steinmeier aliomba msamaha Songea kwa mauaji ya Vita vya Maji Maji, vilivyoanza 1905? Miaka tisa haiwezi kuwa mpaka wa kumbukumbu. Na mwaka huohuo wataalamu wa Berlin walitumia vinasaba kuwatambua jamaa wa mafuvu yaliyotoka Tanzania. Anayeweza kulisemesha fuvu hawezi kushindwa kusoma ripoti za maofisa wake.

Basi hatuombi machozi, wala Boma la pili. Fungueni majalada ya Johannes, mtuandikie kwa Kiswahili: watu wangapi, vijiji vipi, wanawake walipelekwa wapi. Kisha karatasi hiyo ibandikwe Bomani, jirani na Zinjanthropus. Hata yeye amechoka kukumbukwa peke yake.

Wenu,
Mdai mpole