Ujumbe Unavyopotea Kati ya Mdomo na Mkasi

Mawasiliano ya binadamu yana mtoa ujumbe, ujumbe wenyewe, njia ya kuupitisha, mpokeaji na mrejesho. Mwaka 1948 Claude Shannon, mwanahisabati na mhandisi Mmarekani, alichora njia hiyo kuanzia chanzo hadi mlengwa, akaweka katikati kisanduku kimoja cha kelele. Hesabu zake zilihusu simu na telegrafu, na alisema waziwazi kwamba maana ya ujumbe si kazi ya mhandisi. Alijiokolea mengi. Maana wameachiwa watu wa kawaida na mafundi cherehani wao.

Kelele za kawaida hazina ugumu. Ndani ya daladala la Dar es Salaam muziki uko juu, injini inanguruma, na abiria wa kiti cha nyuma anasema "shusha" kwa sauti ya mtu aliyelelewa vizuri. Konda hasikii. Abiria wengine wanadakia, "Konda, kuna mtu anashuka!", na gari linasimama. Ujumbe ukirudiwa na wengi huishinda kelele.

Kubipu nako ni mawasiliano kamili, tena bila neno hata moja. Simu huita mara moja ikakatwa. Kwa mama maana yake "nimefika salama", kwa rafiki "nipigie", kwa bodaboda aliyeko nje ya geti "natoka sasa hivi". Kinachofanya kazi hapo ni makubaliano ya awali. Hatari iko kwa mpokeaji mwenye vidole vyepesi, anayepokea kabla simu haijakatwa na kumaliza salio la mwenzake kwa "haloo, haloo".

Kelele mbaya zaidi haisikiki. Mtaalamu Wilbur Schramm alieleza mwaka 1954 kuwa watu wawili huelewana pale tu uzoefu wao unapokutana. Kwa fundi cherehani uzoefu hukutana kwa nadra. Mteja anasema gauni la harusi lisibane, lakini lisipwaye. Akilini mwake yumo ukumbini, taa zinawaka na shemeji zake wanamtazama. Akilini mwa fundi mna kitambaa kisichotosha na wateja wengine walioahidiwa Ijumaa hiyohiyo. Mteja anatoa simu, anaonyesha picha ya mwanamitindo mwembamba kama ufagio. Fundi anaitazama, anatikisa kichwa: "Hakuna shida, dada." Ijumaa jioni zipu inagoma katikati ya mgongo. "Si ndivyo ulivyoagiza?" anauliza fundi, na ubaya ni kwamba ndivyo alivyoagiza.

Kosa liko kwenye mrejesho. Kutikisa kichwa huthibitisha kuwa sikio limefanya kazi. Kilichoingia nyuma ya sikio bado hakijulikani. Marubani hawaridhiki na kichwa. Mnara ukiwapa ruhusa ya kuruka, wao hurudia maelekezo kwa sauti, na mwongozaji husikiliza kama yamerudi yalivyokwenda.

Mteja wa cherehani anaweza kuomba vivyo hivyo: fundi aseme mwenyewe mikono inaishia wapi, kiuno kina inchi ngapi, gauni linachukuliwa siku gani. Fundi atanuna kidogo. Na anune, mradi mkasi bado uko mezani.