Emali Haimo Kwenye Kamera

Mkenya mwenye nazo akirudi kutoka Japani, huwakusanya jamaa sebuleni watazame picha. Hapa ni Shirakawa-go, kijiji cha mapaa ya nyasi ambacho UNESCO ilikitia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1995. Hapa kituo kidogo cha treni. Hapa bibi anauza matunda, jamani, kwa utulivu ulioje!

Na mji wa Emali hapa kwetu je? Aa, ile ya kukata kulia kwenda Amboseli? Anaifahamu sana, hasa choo cha kituo cha petroli.

Matunda yapo pia, maembe na machungwa ya Makueni, ila muuzaji huyafuata magari mbio, na mbio hazipendezi kwenye picha. Mji umekaa karibu na mpaka wa Kajiado, basi sokoni Mkamba na Mmaasai hubishania bei ya mbuzi kwa adabu zote za kibalozi. Kituo cha reli ya SGR kipo tangu 2017: treni ya baina ya kaunti husimama, ile ya haraka hupita bila hata hodi.

Japani yenyewe imeshafika. Gari za Probox zilizostaafu kwao zimepata ajira mpya hapa. Sheria hukataza gari kuukuu lililozidi miaka 8 lisiingie nchini. Likishaingia, hakuna tena anayelihesabia miaka, sembuse abiria.

Viza ya Emali haitakiwi, wala nauli hailipwi kwa yeni. Mwenye kamera na ashuke.