Karatasi Sita za Munje

Nkt! Kila baada ya miezi michache tunaambiwa Wapwani wanafikiri nini, na sisi Wapwani wenyewe fikra zetu tunazisikia redioni kama wageni. Asilimia hii imeridhika na serikali, asilimia ile imekata tamaa, chama hiki kimepanda, kile kimeporomoka. Zunguka maskani zote za Munje, kijiji chetu cha Msambweni, Kwale, kuanzia wanaoshona nyavu ufuoni hadi wanaongoja abiria na bodaboda, uliza: nani kaulizwa? Hakuna.

Wala si kwamba watafiti ni waongo. Ni hesabu tu. Chukua Afrobarometer, ambao kwa haki ya Mungu utaratibu wao unaeleweka kuliko wa wengi. Kenya nzima huhoji watu wazima 2,400, ana kwa ana. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya milioni 47, na Kwale watu 866,820. Gawanya mwenyewe: kati ya wale 2,400, fungu letu ni watu arobaini na kitu. Na kwa kuwa kila eneo lililoteuliwa huhojiwa watu wanane, ni vijiji vitano au sita, kutoka Lunga Lunga mpaka Samburu kule Kinango. Munje na wangojee, labda wajukuu zao watafikiwa. Kwa nchi nzima idadi hiyo inatosha na kosa lake ni dogo. Ila ukiwatenga wale arobaini ukasema "Kwale inasema hivi", hapo umekwisha kuanza kupiga ramli.

Kuna swali moja katika dodoso lao nalipenda sana. Ukishaulizwa yote, ajira, maji, bei za vitu, ufisadi, unamwamini nani na nani humwamini, mwishoni wanakuuliza: unadhani nani ametutuma? Na si wachache, bara zima la Afrika, wanaojibu kwamba ni serikali. Sasa hebu jiweke hapo. Umeketi kwenye mkeka wako, mbele yako kuna mgeni mwenye beji kifuani na tableti mkononi, moyoni unajua katumwa na serikali, naye anataka umwambie kama serikali inafanya kazi vizuri sana, vizuri, vibaya au vibaya sana. Sisi tuliokulia chini ya jogoo wa KANU jibu tunalijua tangu utotoni. Vizuri, mwanangu. Karibu chai.

Kwa hiyo mimi nikitaka kujua Msambweni inamwamini nani, natazama masanduku.

Tarehe 9 Agosti 2022 kila mmoja wetu alipewa karatasi sita. Ya urais, Kwale ikampa Raila Odinga kwa wingi, kama ilivyo ada. Ya ugavana ikaenda kwa Fatuma Achani wa UDA, chama cha William Ruto, akampita Profesa Hamadi Boga wa ODM kwa kura elfu chache na kuwa mwanamke wa kwanza kuiongoza kaunti. Useneta ukarudi kwa Issa Boy, ODM. Mwakilishi wa wanawake akawa Fatuma Masito, ODM. Ubunge wa Msambweni ukabaki kwa Feisal Bader, UDA. Umeiona orodha hiyo? Azimio ya Raila, wilbaro ya UDA, chungwa la ODM, chungwa tena, wilbaro tena. Sikatai, wagombea wa ugavana walikuwa wengi na kura zilisambaa. Lakini zipige hesabu utakavyo, lazima wawepo waliomtia Raila alama kwa karatasi moja na wilbaro kwa ya pili, kwa kalamu ileile na wala mkono hautetemeki.

Tena haikuanza siku hiyo. Mbunge wetu Suleiman Dori alipofariki Machi 2020, uchaguzi mdogo ukaitishwa tarehe 15 Desemba mwaka huohuo. ODM ikamsimamisha Omar Boga (Boga mwingine huyo, msiwachanganye), vigogo wa chama wakashuka kwa misafara, vumbi likatanda. Aliyeshinda ni Feisal Bader, mgombea huru, mtu wa karibu wa marehemu Dori, nyuma yake akiwa Ruto ambaye wakati huo alikuwa naibu wa rais aliyekosana na bosi wake. Kura 15,251 kwa 10,444. Magazeti ya Nairobi yakaandika kwamba ngome ya Raila imebomoka. Miezi ishirini baadaye ngome iliyobomoka ikamjazia Raila debe. Nkt!

Wachambuzi huona hapo watu waliochanganyikiwa. Wakae nasi siku moja wamsikie ami mmoja hapa ambaye kahawa chungu haimshuki bila siasa. Anasema hivi: "Raila nampenda, na nitampenda mpaka kaburini. Lakini Raila hanilipii karo." Basi, ripoti nzima ya utafiti imo mle. Mtu wa Munje hakiamini chama kwa ujumla wake. Anakiamini kwa jambo moja, na jambo la pili analitafutia mwenyewe mwingine. Urais ulikuwa wa heshima na wa uchungu wa miaka, wa kusema Pwani nayo ipo. Ugavana ni wa mambo ya nyumbani. Na nyumbani kulikuwa na Elimu ni Sasa, ule mpango wa kaunti wa kulipia wanafunzi, ulioanzishwa na gavana aliyetangulia, Salim Mvurya, Achani akiwa naibu wake. Mvurya huyo alichaguliwa 2013 kwa ODM, 2017 kwa Jubilee, na kufikia 2022 yuko kambi ya Ruto. Vyama vitatu. Waliomchukia kwa kuhamahama walikuwa wengi, ila mzazi ambaye mtoto wake yuko shuleni hakuuliza leo kiongozi amevaa rangi gani.

Halafu wakaja wanasheria. Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema NG-CDF, hazina ambayo wabunge hutolea basari, inakwenda kinyume na Katiba, ikaipa muda hadi mwisho wa Juni 2026. Mapema 2025 Mdhibiti wa Bajeti naye akazikumbusha kaunti kwamba elimu ya sekondari si kazi yao, ni ya serikali kuu, kwa hivyo basari zao zina kasoro. Pengine kisheria wako sawa, sibishani na majaji. Lakini tazama kilichotokea: lile jambo moja ambalo mtu wa huku alilitumia kupimia mjumbe na gavana, ndilo ambalo tuliambiwa kisheria wala halikuwa lao.

Afya ndiyo usiseme. Mtafiti anauliza: serikali inashughulikiaje afya? Serikali ipi, mwanangu? Tangu ugatuzi, zahanati ya kijijini na hospitali ya Msambweni ziko mikononi mwa gavana. Bima iko Nairobi. Tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF ikazikwa, ikaja SHA. Mwenye mshahara akawa anakatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara, mvuvi, mkwezi, mama muuza samaki wa kukaanga, akawa anapimwa uwezo kwa maswali: paa lako la nini, choo chako cha namna gani, unapikia nini. Kisha anapewa kiwango chake, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, na kutakiwa akitoe cha mwaka mzima kwa mkupuo. Nchi nzima ikalalamika kwamba mashine inampandishia maskini. Huku kwetu pato la kaskazi silo la kusi. Bahari ikichafuka, mtu hukaa wiki nzima anatazama ngalawa. Atoe cha mwaka, kwa pato la mwezi gani?

Basi mgonjwa anaingia hospitalini, yoyote ile, kokote Kenya. Bima haijailipa hospitali, au yeye hajalipa bima, anaandikiwa dawa akanunue nje. Atamlaumu nani? Anamlaumu mwenye benchi alilolikalia. Na gavana naye hunyoosha kidole Nairobi, na Nairobi hunyoosha kidole kwa gavana, kila mmoja akiwa na barua ya kuthibitisha. Ukimpelekea mtafiti malalamiko hayo anayatia kwenye kisanduku kimoja, anaandika "vibaya". Kisha chama kimoja kinafurahi kwamba kingine kimeshuka, na mgonjwa wetu yuko dirisha la duka la dawa anahesabu sarafu.

Mafuta ni rahisi zaidi. EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei kila tarehe 14, na sheria ya fedha ya 2023 iliipandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Hapo boda na mwenye boti ya injini hawana mjadala, lawama yote ni ya Ruto, hata siku ambazo bei ya dunia ndiyo iliyopanda. Kwa upande wa pili, alipoapishwa Septemba 2022 alirudisha Mombasa shughuli za kutoa mizigo ya bandari, kama alivyoahidi, na huku tuna vijana wanaoishi kwa malori. Hilo anahesabiwa. Barabara ya Dongo Kundu kila mtu anaisifu, maana sasa unaweza kufika upande wa pili bila kusimama foleni ya feri Likoni, ingawa ilianza chini ya Uhuru Kenyatta, ikamalizika chini ya Ruto, na deni lake kubwa ni la Japani. Kila chama kinaitia kwenye mabango yake. Sisi tunapita tu.

Ardhi? Tuiache. Hakuna chama kinachoaminika kwa ardhi hapa, na kisije kikajidanganya. Hati hugawanywa mbele ya kamera, na maskwota wapo palepale.

Ila madini nayataka niyaseme, kwa sababu ndiyo yaliyotuvuruga hesabu. Base Titanium walichimba mchanga wetu tangu 2013 mpaka Desemba 2024, kisha wakafunga kwa kuwa madini yaliisha. Sheria ya Madini ya 2016 inasema mrabaha ugawanywe: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii inayoishi pale. Ile 70 ilijua njia ya Nairobi tangu zamani. Ile 10 ya jamii ikangoja kanuni, na kanuni zikangoja mtu wa kuziandika, miaka ikapita na meli zikijaa. Nani alikuwa waziri? Tangu Oktoba 2022 wizara ilikuwa ya Mvurya, mwana wa Kwale, upande wa UDA. Tangu Agosti 2024 ni ya Hassan Joho, mwana wa Mombasa, aliyekuwa naibu kiongozi wa ODM. Kwa miaka mingi kilio chetu kilikuwa "tupewe mtu wetu". Hawa wawili wa karibuni ni watu wetu, mmoja kila upande. Sasa huyo kijana wa Nguluku au Kinondo anayetazama mashimo yaliyofukiwa, akitaka kukiadhibu chama kwa jambo la madini, akiadhibu kipi?

Na Mrima inakuja. Kilima cha kaya, msitu wa wazee, chini yake niobiamu na madini adimu yanayotafutwa na dunia nzima. Leseni ya kampuni ya Cortec ilifutwa 2013, wakaishtaki Kenya kwenye usuluhishi wa kimataifa, wakashindwa 2018. Leo wageni wa kila rangi wanakitolea macho. Tutahitaji mtu wa kupinga ndani ya bunge, na tukitazama pande zote mbili tunaona viti vya serikali.

Maana hapo ndipo tulipofikishwa na serikali jumuishi. Tarehe 7 Machi 2025 Raila na Ruto walitia sahihi makubaliano yao, wakapigiwa makofi. Mie siwalaumu wakubwa kwa kupatana, nchi ilikuwa imetoka kumwaga damu ya vijana kwenye maandamano ya Juni 2024. Lakini walitunyang'anya kipimo. Mtu wa Munje alikuwa na vyama viwili vya kuvigombanisha. Hiki kikizembea kwa hili, kile kinapewa lile. Wamekaa meza moja, nani atamwogopa nani? Kisha tarehe 15 Oktoba 2025 Baba, ndiye Raila, akafariki kule India, na hata ile karatasi ya urais tuliyokuwa tukiitia alama bila kufikiri sasa haina mwenyewe. ODM wenyewe wanavutana: wapo wanaotaka 2027 wafuatane na Ruto, wapo wasiotaka hata kusikia. Redio itakuja na asilimia, itasema Wapwani "hawajaamua". Hawajaamua! Watu waliokuwa na jibu kwa kila karatasi.

Juzi mabishano haya yalipanda mpaka kahawa ikapoa. Kijana wa boda akaapa kwamba 2027 atachagua chama kimoja juu mpaka chini, kiwe chochote, ili lawama iwe na anwani. Ami akasonya msonyo mrefu. Mama muuza mahamri, ambaye kwa kawaida hutuacha tupige kelele, akasema yeye habadiliki.

"Karatasi ya gavana nitatazama dawa. Ya mjumbe nitatazama karo, sheria ipende isipende. Ya rais nitatazama bei ya unga."

"Na ya seneta, mama?" ami akamwuliza.

"Huyo aje kwanza hapa anieleze kazi yake ni ipi."