Barua ya Wazi kwa Watunga Maswali ya Grafu

Kwa Watunga Maswali,
Sehemu ya Kuandika,
Mtihani wa Kiingereza wa IELTS.

YAH: KUOMBA RUHUSA YA KUSEMA KWA NINI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Awali ya yote nawasalimu kutoka Ifakara, bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Sisi huku hatujambo, mpunga unaendelea vizuri, na vijana wetu wanaendelea kukariri kila namna ya kusema kwamba mstari umepanda.

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu hakijapimwa, na ninyi ndio mliotufundisha kwamba kisichopimwa hakipo. Hata kilichopimwa mmekipa umri wa miaka miwili, baada ya hapo kinachacha. Mtu aliyesomeshwa kwa Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza mpaka shahada anarudi kwenu na ada mpya, athibitishe kwamba hakukisahau usingizini. Hilo nalipita. Sikuja kulilia ada.

Nimekuja kwa ajili ya swali la kwanza la kuandika, lile la wanaokwenda vyuoni. Mnampa mtahiniwa grafu, jedwali au mchoro, mnamwambia atumie kama dakika 20 na maneno yasiyopungua 150. Achague mambo makuu, ayaripoti, alinganishe panapofaa. Basi. Maoni yake abaki nayo. Sababu ambayo haimo kwenye karatasi asiilete. Akisema mstari ulishuka, amejibu. Akisema ulishuka kwa sababu fulani, ametoka nje ya swali.

Mada zenu tumezizoea. Tunajua kwamba katika nchi moja ya Ulaya waliongeza kula kuku wakapunguza kondoo. Tunajua pia tofali linavyotengenezwa kiwandani, kutoka kwenye mtambo wa kuchimba udongo hadi kupakiwa kwenye lori. Mchoro huo wa matofali ulimfurahisha sana kijana mmoja hapa mtaani, maana baba yake ni mfyatuaji. Anajua udongo unavyokanyagwa kwa miguu mpaka ulainike, kalibu inavyoloweshwa ili tofali lisigande, tofali linavyoanikwa na kugeuzwa, tanuri linavyopangwa na kukandikwa tope kwa nje ili moto usitoroke. Akaandika kwamba tofali likichomwa kabla halijakauka sawasawa hupasuka. Ni kweli tupu. Haimo kwenye mchoro. Nikamwambia afute.

Lakini waheshimiwa, kuwafundisha watu wa Ifakara takwimu ni kumfundisha mvuvi wa Kindamba kupiga kafi. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alifungua maabara katika mji huu, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 1996 wahojaji wakaanza kupita kaya kwa kaya katika vijiji vya wilaya za Kilombero na Ulanga, kila baada ya miezi minne, wakiuliza nani kazaliwa, nani kafa, nani kahamia, nani kahama. Msilichukulie hilo kirahisi. Mhojaji anafika, anakuta mlango una kufuli. Jirani anamwambia, wenyewe wako shamba, mpunga umeanza kutoa masuke, wanalinda ndege. Basi anashika njia ya shamba, baiskeli anaibeba begani penye maji, mpaka anawakuta chini ya dungu, mtoto mgongoni, sufuria jikoni. Anakaribishwa, anakaa, anauliza maswali yake. Kwenye jedwali, safari yote hiyo inakuwa kisanduku kimoja.

Sasa niwape mfano wa hapa hapa, na si wa siri. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha takwimu za watoto wa chini ya miaka miwili katika wilaya hizo mbili. Wenye vyandarua vyenye dawa walipanda kutoka asilimia 10 hadi asilimia 61. Wenye upungufu wa damu walishuka kutoka asilimia 49 hadi asilimia 26. Yote hayo ndani ya miaka miwili.

Mnaona lilivyo swali lenu? Mistari miwili, mmoja unakwea na mwingine unateremka, mahali fulani inakatana. Jibu linalowapendeza ni hili: kwa ujumla umiliki wa vyandarua vyenye dawa uliongezeka kwa kasi, ilhali upungufu wa damu ulipungua kwa karibu nusu. Nukta. Mbu hayumo. Malaria haimo. Mama aliyetoa hela yake akanunua chandarua cha chapa ya Zuia Mbu kwa muuzaji wa kijijini hayumo. Msomaji asiyeijua Kilombero anaweza kuondoka akidhani watoto wetu waliongezeka damu kwa kupendezewa na pazia la kitandani.

Watafiti wenyewe hawakuishia hapo. Waliwalinganisha watoto waliolala ndani ya chandarua na wasiokuwa nacho, wakatafuta kama tofauti ile ilitokana na chandarua chenyewe au na jambo lingine. Ndiyo kazi iliyowafikisha kwenye jarida la Uingereza. Wangefuata kanuni za swali lenu, wangepata bendi nzuri, kama mnavyoziita alama zenu, na BMJ ingewarudishia karatasi zao.

Najua mtanijibu kwamba ninyi mnapima lugha, hampimi ujuzi wa mbu. Mkiruhusu sababu, mtoto wa daktari atamzidi mtoto wa mvuvi. Hoja hiyo ina uzito, naivulia kofia. Ila mbona kwenye swali la pili mnageuka? Pale mnatoa dakika 40, maneno 250, na alama mara mbili ya zile za swali la kwanza, na mnachotaka ni hizo hizo sababu na maoni, pamoja na mifano ya mtahiniwa mwenyewe. Mtoto wa mvuvi hapo hamumwonei huruma. Safari hii ambacho hamtoi ni takwimu, hata moja. Ndipo vijana wanapoanza kuzitunga. Nimesoma insha nyingi za mazoezi, na karibu kila moja ina utafiti wa hivi karibuni ulioonyesha kwamba asilimia 80 ya watu wanakubaliana na mwandishi. Utafiti huo sijui ulifanyika wapi. Ifakara haukufanyika.

Kwa hiyo mna swali lenye takwimu zisizo na sababu, likifuatiwa na swali lenye sababu zisizo na takwimu. Anayefaulu yote mawili anapewa bendi 7, anapanda ndege, na mara tu akifika chuoni anaambiwa aandike takwimu pamoja na sababu zake, aya kwa aya, na aseme ni wapi hana uhakika. Hapo ndipo Kiingereza kinapokuwa kigumu kweli. Kupanda, kushuka na kutulia ni maneno ya wiki moja. Kusema kwamba huenda chandarua ndicho kilichosaidia, ingawa mwaka huo mvua nayo ilikuwa chache, na kwamba isingekuwa hivi ingekuwa vile, hiyo ni lugha ya mtu mzima, na hakuna aliyempima.

Nisieleweke vibaya, sidai tusamehewe mtihani. Wanaijeria walianza kukusanya saini za kudai msamaha huo mwaka 2021, kwa kuwa katika orodha ya uhamiaji ya Uingereza ya nchi ambazo wananchi wengi wanazungumza Kiingereza hamna nchi hata moja ya Afrika. Wana haki yao. Sisi ubavu huo hatuna: ukiuliza bei ya kambale kwa Kiingereza soko la Ifakara, utauziwa kwa bei ya mgeni.

Ombi langu ni dogo. Kwenye lile swali la grafu ongezeni mstari mmoja unaomruhusu mtahiniwa aseme anadhani kwa nini, na aonyeshe anadhani kwa uzito gani. Dakika tano zaidi zinatosha. Mkiona ni ghali, pia sawa, kwa sababu nasi tumekwisha kuandaa mtihani wetu wa Kiswahili kwa wageni wanaokuja kutupima. Tangu enzi za Geigy sijasikia mgeni aliyezuiwa kuingia kijijini kwa kukosa bendi. Kwa heshima na taadhima tumefuata kanuni zenu, na sampuli ya maswali ni kama ifuatavyo.

Swali la 1. Grafu inaonyesha kina cha Mto Kilombero kuanzia Januari hadi Desemba. Eleza kwa maneno yasiyopungua 150. Usitaje mvua.

Swali la 2. Jedwali linaonyesha idadi ya magari yaliyovuka mto huo kwa kivuko, mwaka hadi mwaka, mpaka yalipofikia sifuri. Linganisha. Usitaje daraja lililozinduliwa 2018, hata kama umekuja juu yake.

Swali la 3. Mchoro unaonyesha mtu aliye juu ya dungu akirusha kombeo. Eleza hatua zote kwa utaratibu. Usitaje ndege.

Mtihani utafanyika Mlimba, na watahiniwa watasafiri kwa treni ya TAZARA kutoka stesheni ya Ifakara. Atakayechelewa aripoti kwa msimamizi kwamba muda wa kufika ulipanda kwa kasi. Sababu asitoe. Ada inalipwa kabla, hairudishwi, na cheti kinakufa baada ya miaka miwili.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Ifakara.

Nakala: Mbu wa bonde la Kilombero, kwa taarifa.